Nyumba Iliyokwisha Kufungwa Umeme Bila Mkandarasi Mwenye Leseni: Utaratibu wa Kupata Idhini kwa Wakazi wa Lugoba

Wakazi wa Lugoba, katika Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze mkoani Pwani, ambao nyumba zao zimekwisha kutandazwa nyaya na mafundi wasio na leseni, bado wanayo njia halali ya kupata idhini na kuunganishiwa umeme. Njia hiyo ni kukabidhi kazi iliyofanywa kwa mkandarasi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), ili aikague, aipime, arekebishe kasoro zake, achore mchoro unaolingana na hali halisi ya nyumba, kisha asaini na kubeba dhamana. Muhuri uliogongwa na mtu ambaye hakuwahi kuingia ndani ya nyumba si idhini, bali ni hatari iliyofunikwa kwa karatasi.

Lugoba iko kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kuelekea Segera, katika eneo linalofahamika kwa machimbo ya mawe na kokoto. Kama ilivyo katika maeneo mengi ya nchi, wananchi wengi hujenga kwa awamu kadiri fedha zinavyopatikana. Mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya huzikwa ukutani kabla ya lipu, nyaya huvutwa baadaye, soketi na swichi hufungwa nyumba inapokaribia kukamilika, na ombi la kuunganishiwa umeme huja mwisho wa yote. Wakati huo fundi wa awali huenda amekwisha kuhama, hakuna mchoro uliobaki, na ukuta umekwisha kupakwa rangi. Ndipo mwenye nyumba anapoelezwa kwamba ombi lake haliwezi kuendelea bila mkandarasi mwenye leseni.

Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, husafirishwa kwa njia ya kilovolti 400 hadi kituo cha kupoza umeme cha Chalinze, si mbali na Lugoba. Hata hivyo, usalama wa volti 230 zinazoingia chumbani hutegemea kazi ya mita chache za mwisho: waya uliofichwa ukutani, kiungio kilicho juu ya dari na fimbo ya ethi iliyofukiwa uani. Sehemu hiyo ni mali na wajibu wa mwenye nyumba.

Majukumu ya kila taasisi

Mwananchi anayetafuta idhini hukutana na taasisi kadhaa, na kuchanganya majukumu yake ni chanzo kikubwa cha usumbufu.

EWURA, iliyoanzishwa kwa Sheria Sura ya 414, ndiyo inayotoa leseni kwa watu na kampuni zinazofunga mifumo ya umeme. Leseni hizo zimegawanywa katika madaraja, na kila daraja lina mipaka ya kazi ambayo mwenye leseni anaruhusiwa kufanya. Mkandarasi anayeruhusiwa kufunga nyumba ya kawaida si lazima awe anaruhusiwa kufunga mashine kubwa za kiwanda.

Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) hupokea maombi, hutuma wataalamu kupima eneo, hukagua na kuunganisha umeme hadi kwenye mita ya LUKU. Kwa wakazi wa Lugoba, ofisi ya karibu ni ya Chalinze. TANESCO haifungi nyaya za ndani ya nyumba kwa niaba ya mteja, na mfanyakazi wake hapaswi kupokea fedha mkononi kwa kazi hiyo.

Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioundwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, hugharamia miradi ya kufikisha miundombinu ya umeme vijijini. Kufika kwa nguzo ya mradi katika kitongoji hakumwondolei mwenye nyumba wajibu wa kuwa na mfumo salama wa ndani.

Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze inahusika na jengo lenyewe, yaani matumizi ya ardhi na kibali cha ujenzi. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) husimamia ubora wa vifaa vinavyouzwa, nalo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hushughulikia kinga na tahadhari za moto pamoja na uokoaji.

Kwa nini muhuri wa kukodi haufai

Kishawishi cha kwanza kwa mwenye nyumba aliyekwama ni kumtafuta mtu atakayempatia mchoro wenye muhuri bila ukaguzi. Wapo vishoka wanaofanya biashara hiyo. Mchoro unaotengenezwa kwa namna hiyo huonesha nyumba ya kufikirika: idadi ya taa na soketi inaweza kuwa sahihi, lakini hausemi lolote kuhusu ukubwa wa waya, ubora wa viungio wala uwepo wa ethi.

Madhara yake huonekana baadaye. Waya mwembamba ukibeba mzigo mkubwa hupata joto, ganda lake la plastiki hulainika, na moto unaweza kuanza juu ya dari wakati familia imelala. Ethi isipokuwepo, bodi ya chuma ya jokofu au pasi inaweza kubeba umeme bila dalili yoyote hadi mtoto anapoigusa akiwa peku kwenye sakafu yenye unyevunyevu. Siku hiyo, mchoro wa kukodi humwacha mwenye nyumba bila mtu wa kumwajibisha, kwa sababu aliyesaini hakufanya kazi, na aliyefanya kazi hakusaini.

Mkandarasi anayekagua kwa dhati huiweka leseni yake rehani kwa kila nyumba anayoisaini. Ndiyo maana ana haki ya kukataa kuipokea kazi ya mtu mwingine, au kuipokea kwa sharti kwamba baadhi ya sehemu zifunuliwe na kurudiwa.

Hatua za kufuata kwa nyumba ambayo haijaunganishwa

Kwanza, mwenye nyumba akusanye kumbukumbu zote alizonazo: risiti za nyaya na vifaa, picha zilizopigwa kabla ya lipu, na maelezo ya fundi wa awali iwapo anapatikana. Picha ya simu inayoonesha njia za mabomba ukutani inaweza kuokoa kazi kubwa ya kubomoa.

Pili, amtafute mkandarasi mwenye leseni hai. Leseni ina namba, daraja na tarehe ya kumalizika. Mwananchi anayo haki ya kuomba kuiona na kuihakiki kwa EWURA kabla ya kulipa chochote. Kitambulisho cha kampuni, sare au cheti cha mafunzo si leseni.

Tatu, waandikishane. Makubaliano yataje gharama ya ukaguzi peke yake, na gharama ya marekebisho itajwe baada ya ukaguzi kukamilika. Mkandarasi anayetaja bei ya jumla kabla ya kufungua hata swichi moja hajajua anachokiuza.

Nne, ukaguzi na vipimo vifanyike, kasoro ziorodheshwe na kurekebishwa, kisha vipimo virudiwe.

Tano, mchoro mpya uandaliwe ukionesha kila taa, swichi, soketi na bodi ya kugawia umeme kama vilivyo. Mchoro huo, ukiwa na saini na muhuri wa mkandarasi, ndio unaoambatanishwa na ombi.

Sita, ombi liwasilishwe TANESCO, ama katika ofisi yake au kupitia mfumo wa kielektroniki wa NIKONEKT, ambao humtaka mwombaji awe na namba ya Kitambulisho cha Taifa. Wataalamu watafika kupima umbali kutoka kwenye nguzo, na mwombaji atapatiwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Malipo yote hufanyika kupitia namba hiyo na si vinginevyo.

Vipimo vinavyopaswa kufanyika

Mwenye nyumba hahitaji kuwa fundi ili ajue kama ukaguzi umefanyika kweli. Anaweza kuuliza matokeo ya vipimo vitano vifuatavyo.

Kipimo cha kwanza huthibitisha kwamba waya wa ethi umeungana bila kukatika kutoka kwenye bodi hadi kwenye kila soketi. Katika nyumba nyingi zilizofungwa kwa kubana matumizi, tundu la ethi la soketi huwa wazi, halina waya wowote nyuma yake.

Kipimo cha pili ni cha ukinzani wa ganda la waya. Kifaa maalumu hupeleka volti 500 za mkondo mnyoofu kwenye nyaya ambazo hazijaunganishwa na umeme, na kwa viwango vya kimataifa matokeo hayapaswi kupungua megaomu 1. Waya uliotobolewa na msumari au kuungwa vibaya ndani ya bomba hubainika hapa bila kubomoa ukuta.

Kipimo cha tatu huhakikisha kwamba swichi zote zinakata waya wenye umeme na si waya wa kurudishia. Swichi iliyofungwa kinyume huzima taa, lakini huacha kishikio cha balbu kikiwa na umeme kwa anayebadilisha balbu.

Kipimo cha nne ni cha ukinzani wa fimbo ya ethi ardhini. Kwa Lugoba kipimo hiki kina uzito wa pekee. Ardhi yenye mwamba na changarawe haipitishi umeme vizuri kama udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, na mara nyingi fundi hukata fimbo iliyogonga jiwe na kufukia kipande kilichobaki. Aidha, fimbo iliyopimwa wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, inaweza kutoa matokeo mazuri ambayo hayatadumu ardhi ikikauka. Mkandarasi makini hupima akizingatia kiangazi. Inapobidi huongeza fimbo ya pili au ya tatu, akaziunganisha pamoja, au huhamishia fimbo mahali penye udongo wa kina.

Kipimo cha tano ni cha kifaa kinachokata umeme mara unapovuja. Kwa nyumba za kuishi, kifaa kinachofaa ni kile kinachohisi uvujaji wa milliampia 30, ambacho kinapaswa kukata ndani ya milisekunde 300. Kipimo hiki hukamilishwa umeme ukishawaka, hivyo mkandarasi anapaswa kurudi baada ya nyumba kuunganishwa. Baada ya hapo, familia ibonyeze kitufe cha majaribio kilichopo kwenye kifaa hicho mara kwa mara. Kisipokata, kibadilishwe.

Mbali na vipimo, ukaguzi wa macho hutazama ukubwa wa nyaya. Kwa kawaida taa hutumia waya wa milimita za mraba 1.5, soketi milimita za mraba 2.5, na majiko au mitambo ya kuchemshia maji hutumia waya mnene zaidi wenye njia yake ya peke yake kutoka kwenye bodi. Rangi nazo huangaliwa. Nyumba zilizofungwa kwa awamu huweza kuwa na nyaya za mpangilio wa zamani, nyekundu na nyeusi, zilizounganishwa na za mpangilio mpya, kahawia na buluu. Kuchanganya huko si kosa peke yake iwapo nyaya zimeungwa sawasawa, ila ni lazima bodi iwekewe tangazo linaloeleza, ili fundi wa kesho asikosee.

Nyumba iliyounganishwa na kuongezwa baadaye

Kundi la pili ni la wananchi ambao tayari wana mita ya LUKU, lakini wameongeza vyumba vya uani, pampu ya maji, duka la mbele au jiko la umeme bila kumhusisha mkandarasi. Suala hili lina uzito zaidi sasa, wakati Serikali inatekeleza Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Nyumba iliyofungwa kwa ajili ya balbu nne, redio na kuchaji simu haikuandaliwa kwa jiko.

Hesabu yake ni rahisi. Jiko la wati 2,000 kwenye volti 230 huvuta takribani ampia 8.7. Birika la wati 2,000 likichomekwa kwenye waya uleule wa kurefushia, jumla hufika takribani ampia 17.4, ilhali plagi ya kawaida ya pini tatu imeundwa kwa ampia 13. Fyuzi ikikata, inafanya kazi yake. Hatari huanza pale mtu anapoweka kipande cha waya badala ya fyuzi, au anapobadilisha saketi breka ya ampia 10 ya njia ya taa na kuweka ya ampia 32 ili isikate tena. Kuanzia hapo waya ndio unaogeuka fyuzi, na unaungulia ukutani.

Mwenye nyumba wa kundi hili anapaswa kumwita mkandarasi akague nyongeza zote na kupima mfumo mzima, kwa kuwa nyongeza hubadilisha mzigo wa sehemu ya zamani pia. Iwapo mzigo mpya umezidi uwezo wa umeme wa njia moja, kama inavyoweza kutokea kwa karakana za kuchomelea vyuma zilizo kando ya barabara, ombi la kubadilishiwa kwenda umeme wa njia tatu hupelekwa TANESCO. Kuvuta waya kutoka kwa jirani, au kuunganisha kabla ya mita, ni kinyume cha sheria na huhatarisha maisha ya pande zote mbili.

Uhusiano na kibali cha ujenzi

Idhini ya mfumo wa umeme haimaanishi kwamba jengo limeidhinishwa, wala kibali cha ujenzi hakimaanishi kwamba nyaya ni salama. Katika maeneo yaliyotangazwa kuwa ya mipango miji kwa mujibu wa Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, ujenzi unahitaji kibali cha halmashauri. Katika ardhi ya kijiji, usimamizi huanzia kwa Halmashauri ya Kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999.

Mwananchi aliyejenga bila kibali anashauriwa kufika ofisi za halmashauri kupitia mtendaji wa kijiji au kata, ili apate maelekezo kabla ya kutumia fedha zaidi. Wanaojenga karibu na barabara kuu wakumbuke kwamba hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Kufunga umeme katika jengo lililo ndani ya hifadhi hakulihalalishi jengo hilo.

Gharama na njia mbadala kwa wenye kipato kidogo

Gharama ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya kuunganishiwa umeme. Januari 2022 Serikali ilitangaza shilingi 27,000 kwa maeneo ya vijijini na shilingi 320,960 kwa maeneo ya mijini, kwa mteja wa njia moja aliye ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo. Mwombaji athibitishe katika ofisi ya TANESCO kiwango kinachotumika katika kitongoji chake siku ya ombi. Ya pili ni ya mkandarasi, ambayo ni makubaliano kati yake na mteja.

Kwa nyumba ndogo, kifaa cha Umeme Tayari, maarufu kama UMETA, ni suluhisho linalofaa kuulizwa. Ni bodi iliyokwisha kuunganishwa kiwandani ikiwa na sehemu ya taa na soketi, ambayo imekuwa ikitolewa kwa idadi maalumu ya wateja wa awali katika miradi ya REA. Mwenye nyumba ambaye nyaya zake zimekutwa hazifai anaweza kuanza na kifaa hicho akiacha mfumo wa zamani ukiwa haujaunganishwa, kisha akarekebisha chumba kimoja kimoja.

Mafundi wa mitaani wenye ujuzi lakini wasio na vyeti nao wana njia ya kurasimishwa. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) hutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi kwa kuupima na kuutolea cheti, hatua inayoweza kumfikisha fundi kwenye maombi ya leseni.

Sharti la idhini si la Tanzania pekee. Nchini Kenya, mteja wa Kenya Power huwasilisha cheti cha ukamilishaji wa kazi kutoka kwa fundi mwenye leseni. Katika England na Wales, kazi za umeme majumbani ziliingizwa kwenye kanuni za ujenzi tangu Januari 2005, na aliyefanya kazi bila taarifa huomba idhini ya baadaye kwa mamlaka ya eneo lake, ambayo inaweza kumtaka afunue ukuta na kupima. Kila mahali kanuni ni ileile: kilichofichwa hakiidhinishwi hadi kijulikane.

Malalamiko na dharura

Mteja asiyeridhika na huduma aanze kwa kuandika malalamiko yake kwa mtoa huduma na kutunza nakala. Asipopata ufumbuzi, anaweza kuyafikisha EWURA, na anaweza kusaidiwa na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji. Mkandarasi aliyesaini bila kukagua, au anayetumia leseni isiyo yake, anapaswa kuripotiwa EWURA. Vifaa vinavyotiliwa shaka ya ubora, hususan nyaya zisizo na alama ya ukubwa wala jina la mtengenezaji kwenye ganda, viripotiwe TBS.

Nyumba ikitoa harufu ya plastiki inayoungua, soketi ikipata joto au ukuta ukitikisa anayeugusa, wakazi wazime meini swichi mara moja, wasimwage maji, na wapige simu TANESCO kwa namba 180. Moto ukianza, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114. Mfumo usiwashwe tena hadi mkandarasi mwenye leseni atakapoupima, hata kama hitilafu inaonekana kuwa imetoweka yenyewe.